Mashine ya Gemu Iliyoisha Zaidi

Mimi ni mtu wa skrubu. Nikifungua mashine ya gemu, nikaifunga, kisha nikaona skrubu moja imebaki mezani, siwezi kula chakula cha mchana. Mafundi wengine hapa stendi ya 56, Kawangware, huitupa skrubu hiyo kwenye kopo na kuendelea na kazi. Wanasema mashine ilikuwa na skrubu nyingi kupita kiasi. Mimi naifungua upya. Mteja anasimama, anaangalia simu yake, anaguna, nami natokwa jasho nikitafuta tundu lililo wazi. Kazi hii sikuisomea popote. Niliipata kwenye video, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikisimamisha picha kila mara mikono ya yule fundi ilipokwenda kasi. Nadhani ndiyo sababu ya woga wangu. Sikuwa na mwalimu wa kuniambia, "Hapo sawa, endelea." Ilinibidi nijiambie mwenyewe, na maneno yangu mimi siyaamini sana.

Kibanda changu kimebanwa kati ya saluni na duka la hadiwea. Kinatosha meza moja na msichana mmoja mwembamba, yaani mimi. Wapita njia huniletea padi zilizokwama vitufe na nyaya zilizotafunwa na panya, lakini wateja wanaoniwezesha kulipa kodi ni wawili. Wa kwanza ni mama mmoja wa Gatwekera, Kibera, mzaliwa wa upande wa ziwa, mwenye chumba cha kuchezesha gemu. Watu wote humwita Mathe, hata wanaume wenye ndevu. Wa pili ni mzee wa Kabiro, Mluhya, mwenye chumba kama hicho huku kwetu. Huyu anaitwa Kocha kwa sababu yeye mwenyewe hagusi padi. Husimama nyuma ya wanaocheza na kuwapigia kelele watoe pasi.

Kwa muda mrefu nilihakikisha hawakutani. Mathe nilimpangia asubuhi, Kocha jioni. Hawakuwa na ugomvi wowote wa maana; ni mimi tu niliyeogopa kwamba wakisimama pamoja mbele ya meza yangu watalinganisha kazi zangu na kugundua nani nimemfanyia vizuri zaidi. Najua ni wazimu. Lakini ndivyo kichwa changu kinavyoamka kila siku.

Wakakutana. Mathe alichelewa, Kocha akawahi, na wote wawili wakaegemea meza yangu, mmoja na mfuko wa padi, mwingine na mashine mikononi.

"Hii ndiyo inakula siku zako?" Kocha akamuuliza Mathe, akiitazama ile PS2 yake nene, nyeusi, iliyokwaruzika hadi ikawa ya kijivu.

"Hii haijanila. Hii imenilisha," Mathe akajibu. "Watoto wangu wote wamemaliza shule na hii."

"Na mbona umeibeba chini juu?"

Nikajua mambo yameanza. Mashine ya Mathe ina jicho bovu. Jicho ndiyo lenzi ndogo iliyo ndani, ile inayoisoma CD. Likichoka, mashine husema haioni kitu. Lakini ukiigeuza ile mashine, tumbo juu, mgongo chini, lile jicho hulegea kidogo, likaisogelea CD na kuanza kuona tena. Huu si utaalamu wangu, karibu kila chumba cha gemu Nairobi kinaujua. Wateja wa Mathe wamecheza hivyo miaka na miaka, mashine imelala chali juu ya kreti ya soda, na hakuna anayeshangaa.

"Ndivyo inavyopenda kulala," Mathe akasema.

"Kama mlevi!" Kocha akacheka. "Mama, hiyo imekufa, ni vile tu haijaambiwa. Mimi niko na mashine ya kaseti za kuchomeka. Iko juu ya mlango wangu. Hiyo ilikuwa hapa kabla ya hii yako kuzaliwa, na ukiiwasha saa hii inawaka."

"Ile ya kupulizwa kama jiko? Yawa! Inawaka, lakini nani anaicheza? Hata maiti ukiisimamisha inasimama."

Msusi, jirani yangu wa saluni, alitoa kichwa nje na kitana mkononi asikose hata neno. Hapo ndipo Kocha aliposema maneno yaliyoniharibia juma zima: "Fundi yuko hapa. Anatujua wote. Si aamue ni gani imeishi zaidi?"

"Aamue!" Mathe akasema. "Na mwenye kushinda ndiye atachezesha mashindano ya Desemba."

Mashindano ya Desemba si kitu kidogo. Shule zikifungwa, vijana wa Kibera na wa Kawangware huchezeana mpira kwenye skrini kwa siku kadhaa, na chumba kinachowapokea hujaa mpaka watazamaji wanapanda kwenye madirisha. Kila mwaka wale wawili waliyavutania kwa simu bila hata kujuana sura.

"Lakini nikipoteza," Kocha akaongeza akinikonyeza, "kuna kijana Gatina pia anatengeneza hizi vitu."

"Hata sisi tuko na fundi wetu," Mathe akasema. "Usiogope, nyathina, mwanangu. Wewe sema tu ukweli."

Walicheka wote wawili, wakapeana mikono, wakaondoka. Mimi nilibaki nimekaa. Walikuwa wakitania, lakini mwenzako akikutania kuhusu kodi yako, wewe husikii utani. Niliona wazi kwamba siku ya hukumu nitabaki na mteja mmoja. Swali lilikuwa yupi.

Kama ningekuwa mtu mwingine ningerusha shilingi hewani, jambo likaisha. Mimi nilianza utafiti. Nilitaka hukumu isiyo na ufa, hukumu ambayo hata atakayeshindwa ataiinamia kichwa. Nikasoma kila nilichokipata kuhusu umri wa mashine za gemu, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kupotea. Umri wa mashine unaanzia wapi, unaishia wapi? Ukihesabu miaka ambayo kiwanda kiliendelea kuitengeneza, PS2 ilitoka mwaka wa elfu mbili na ikaendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka kumi na miwili, hata wakati mdogo wake, PS3, alikuwa tayari madukani. Hiyo ni heshima kubwa. Lakini mashine ya kaseti kama ya Kocha, ile ya asili, ilitoka Japani mwanzoni mwa miaka ya themanini, na walioianzisha waliendelea nayo kwa takriban miaka ishirini. Walipoacha, wengine walikuwa wameshainakili zamani. Nakala zake bado zinauzwa, zikiwa na kaseti za manjano zinazodai zina gemu mia tisa, kumbe ni zile zile chache zilizobadilishwa majina. Nikasoma pia kwamba huko Brazili kuna mashine nyingine ya miaka hiyo hiyo ambayo mpaka sasa haijaachwa kuuzwa. Nikaanza kuwaonea wivu mafundi wa Brazili bila sababu yoyote.

Halafu, je, umri ni kutengenezwa au ni kuchezwa? Hapa Mathe alikuwa na hoja. Kila msimu mpya wa mpira, kuna watu, sijui ni nani wala wanakaa wapi, wanaoichukua ile gemu ya zamani ya PS2 na kuwaingiza ndani wachezaji waliohamia timu mpya mwaka huu. CD hiyo hufika Kibera kabla ya wachezaji wenyewe kuzoea jezi zao. Kiwanda kimeiacha mashine, dunia haijaiacha. Huo si uhai?

Ili nisifikirie hukumu, nikafikiria tangazo. Hilo nililiweza. Nililichora kwenye simu mchana mmoja wateja walipopungua. Nikachagua herufi nene. Nikahamisha alama ya mshangao mahali pake, nikairudisha, nikaihamisha tena. Nikapima nafasi kati ya mistari kwa kucha. Nilimsomea msusi, naye akasema ni zuri, lakini alikuwa na kichwa cha mteja mikononi na hakuangalia. Nikalituma, pamoja na kanuni za shindano, kwenye makundi ya WhatsApp ya vyumba vyote viwili, nikachapisha karatasi kadhaa pale saiba, duka la intaneti, na kuzibandika kuanzia stendi ya 56 hadi Kabiro. Kijana wa boda niliyemzoea akanipelekea nyingine Kibera. Tangazo lilisema hivi:

SHINDANO KUBWA! MASHINE YA GEMU ILIYOISHA ZAIDI: KIBERA AU KAWANGWARE? LETA YAKO. JUMAMOSI SAA NANE, UWANJA WA KANISA, GATINA.

Nisome tena taratibu? Iliyoisha. Nilitaka kuandika iliyoishi, yaani iliyokaa duniani miaka mingi. Nikaandika iliyoisha, yaani iliyochakaa, iliyokwenda na maji, ya kutupwa. Nilikuwa nimepima nafasi kati ya mistari kwa kucha, na herufi moja ikapita mbele ya macho yangu kama mtu anayekwenda dukani.

Wa kwanza kunijulisha alikuwa Mathe, kwa sauti ya WhatsApp. Nyuma yake nilisikia chumba kizima kikicheka.

"Nyathina, nimeona karatasi yako. Mimi nilidhani tunatafuta yenye imeishi. Sasa umetangaza yangu imeisha? Na juzi uliifungua ukasema iko sawa? Haya. Asante. Nitaileta hivyo hivyo, maiti yangu."

Nilikuwa sijamaliza kusikiliza Kocha alipofika mwenyewe. Alikuwa ameibandua karatasi moja ukutani. Akavaa miwani, akaisoma kwa sauti kama anasoma neno kanisani: "I-li-yo-i-sha." Akaniangalia juu ya miwani. "Fundi, hii ni Kiswahili ama ni matusi?"

"Ni makosa, Kocha. Ni herufi moja tu."

"Herufi moja. Sasa watu wananiuliza kama nimefunga biashara."

Alipoondoka niliingia saluni na kukaa kwenye kiti cha kusukia. Nilimwambia msusi nitafuta shindano, nitazima simu, nitahamia hata Kakamega kwa shangazi. Yeye akaniangalia kwenye kioo bila kuacha kazi yake.

"Si uchukue kalamu ugeuze hiyo A iwe I?"

"Imeshaenda kwa simu za watu! Watu wameituma mbele!"

"Basi wacha waje," akasema. "Aki wewe, mtu akisikia kuna shindano la kitu kimeharibika Kawangware, atakosa ya kuleta?"

Nilidhani ananituliza. Kumbe alikuwa anatabiri.

Jumamosi ilipofika nilikuwa uwanjani mapema, nimepanga viti vya plastiki kwa mistari iliyonyooka, nimeweka meza mbili na televisheni mbili tulizoazima kwa vijana wa kanisa. Nilikuwa na hotuba kichwani. Nilitegemea watu wachache wa vyumba viwili. Kisha wakaanza kuingia watu nisiowajua, na kila mmoja amebeba kitu. Gunia. Beseni. Begi la shule lisilo na zipu. Mama mmoja alikuwa amefunga mashine kwa leso mgongoni, kijana wake akitembea kando kwa aibu.

"Ni hapa ya vitu zimeisha?" mwanamume mmoja akauliza.

"Ni hapa," msusi akamjibu kabla sijafungua mdomo. Alikuwa amefunga saluni ili asikose.

Yule mwanamume akatoa PS3 iliyokuwa inazuia mlango wa choo cha ploti yao usipigwe na upepo. Mwingine akaleta mashine iliyomwagikiwa uji. Ya tatu ilitikiswa na kutoa mchanga. Kijana mmoja mrefu wa Gatina, aliyevaa kofia ya sufu kwenye jua kali, aliweka PS2 mezani na mende wawili wakatoka wakikimbia.

"Yangu imeisha mpaka iko na wapangaji," akasema. "Nipeni zawadi yangu niende."

Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Na mimi, niliyekuwa nimepanga kufa kwa aibu siku hiyo, nikajikuta nafanya jambo pekee ninalolijua: nazipanga. Zile za PS3 upande huu, PS2 upande ule, za zamani zaidi mwisho wa benchi. Nikifungua moja moja kwa bisibisi na kuchungulia, watu wakauliza, "Hii ilikufa na nini, fundi?" nami nikajibu, kwanza kwa sauti ndogo, halafu kwa sauti ya kawaida. Hii ilikufa kwa joto: angalia vumbi kwenye feni, ni kama blanketi. Hii pia joto. Hii uji. Hii haikufa, ni fyuzi. Zile mpya zaidi zilikuwa zimekufa vifo vikubwa, vya kuungua ubao wenyewe. Za PS2 karibu zote zilikuwa na tatizo dogo, jicho, mkanda wa plastiki, swichi. Mashine za kaseti zilikuwa chache kabisa, na sikujua kama ni kwa sababu hazifi au kwa sababu zilitupwa zamani. Hilo lilinitia wasiwasi mpya, lakini wasiwasi wa kazi, ambao ni mtamu kidogo.

Kocha alifika na mashine yake ndani ya sanduku la viatu. Mathe alifika mwisho, kwa boda, mashine imepakatwa kama mtoto. Hakunisalimia kwa jina lolote. Alisema tu, "Tuko hapa."

Kocha alianza. Alichomoa kaseti, akaipuliza vumbi kwa pumzi moja ndefu, akaichomeka. Skrini ikapiga mistari, akaichomoa, akapuliza tena, na mara hii ule muziki wa kengele kengele ukatoka. Watu wazima wakapiga kelele kuliko watoto. Sauti ile ilikuwa imewarudisha utotoni.

Kisha Mathe. Aliigeuza mashine chali kama kawaida yake, akaweka CD, akawasha. Taa ya kijani. Tukangoja. Skrini ikaandika kwamba haioni CD yoyote. Akaizima, akaipiga kofi dogo ubavuni, akaiwasha. Haioni. Akaweka kipande cha kadibodi chini ya kona. Haioni. Mashimo ya njiani kutoka Kibera yalikuwa yamelimaliza lile jicho.

Hakuna aliyecheka. Nilimwangalia Mathe usoni na kuona kitu ambacho sikuwa nimekiona: alikuwa anaogopa kama mimi. Tangazo langu lilikuwa kwenye ukuta wa kanisa nyuma yake, herufi nene.

"Basi," akasema polepole. "Si uliandika."

"Nipe dakika," nikamwambia. Nikamgeukia yule kijana wa kofia. "Ile yako ya wapangaji. Unaweza kunipa jicho lake?"

"Chukua hata ini."

Nilikuwa nimeshashika bisibisi nilipokumbuka kanuni zangu. Nilizituma mwenyewe kwenye makundi, nikijivunia: kila mashine icheze kwa vipuri vyake yenyewe, vya asili, kisibadilishwe kitu. Niliona kanuni hiyo ni safi sana nilipoiandika. Sasa nikimwekea Mathe jicho la mwenzake nimevunja sheria mbele ya mpinzani wake, na nisipomwekea nimemzika. Nikamtazama Kocha. Alijua ninachofikiri; yeye ndiye aliyezisoma zile kanuni kwa makini kuliko wote.

Akakohoa. "Adapta yangu," akasema, "ni ya redio."

"Nini?"

"Adapta. Yake ilikufa zamani. Hii ni ya redio ya marehemu baba. Na hiyo padi moja nilinunua Gikomba. Na swichi uliweka wewe, fundi, umesahau? Mwekee mama jicho bwana, tucheze."

Nafikiri sijawahi kumpenda mtu mzima namna hiyo. Nikafungua mashine zote mbili hapo hapo mezani, watu wakiniinamia mpaka ikabidi msusi awafukuze kwa taulo. "Mnamzibia mwanga! Rudi nyuma! Wewe, toa kichwa!" Skrubu nilizipanga kwenye kifuniko, nikizihesabu moja moja. Nililitoa jicho la ile mashine ya mende, nikalisafisha kwa pamba na spiriti, nikaliweka kwenye ya Mathe, nikaubana utepe wake mdogo. Nikafunga. Nikaiwasha ikiwa imesimama sawasawa, mgongo juu, kama ilivyotoka kiwandani.

Ikasoma mara moja. Wimbo wa timu ukaanza, viwanja vikajaa.

"Hapana, hapana," Mathe akasema. "Igeuze. Hivyo siijui."

"Mathe, sasa imepona, haihitaji kugeuzwa."

"Igeuze, nyathina, vijana watachanganyikiwa."

Nikaigeuza, na ikaendelea kusoma, kwa sababu jicho zuri halijali. Makofi yalipigwa. Kwa saa nzima watu walicheza. Nikamwona Kocha akisimama nyuma ya vijana wa Kibera na kuwapigia kelele watoe pasi, na wao wakimwambia, "Buda, wewe ni wa upande gani?" Mathe naye alivutwa na watoto kwenye mashine ya kaseti kushika padi, yeye ambaye miaka yote alichezesha bila kucheza. Aliruka shimo la kwanza, akaanguka kwenye la pili, akasema neno la Kijaluo ambalo sitaliandika, na akakataa kumpisha mtu.

Lakini hukumu ilikuwa bado. Msusi akapiga sufuria. Nilisimama na ile hotuba yangu, na kwa sababu ya woga nikaitoa kama nilivyoikariri, kwa Kiswahili nilichokiokota kwenye taarifa ya habari.

"Mabibi na mabwana, baada ya kuyatafakari masuala haya kwa kina na mapana—"

"Fundi, kuna vita?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Ongea kama siku zote!" msusi akanipigia kelele.

Nikavuta pumzi. Nikasema nilichokuwa nakiogopa tangu mwanzo, kwa maneno yangu. Nikasema kwamba kwa kuchezwa, kwa kazi ya kila siku, sijaona kama PS2, na ya Mathe ni shahidi. Lakini tuliulizana ni gani imeishi zaidi, na aina ya mashine iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya themanini na ambayo watu bado wanatengeneza nakala zake, na ambayo leo imewaka hapa kwa pumzi ya mtu na adapta ya redio, hiyo ndiyo imeishi zaidi. Nikasema pia, kwa sababu siwezi kuacha skrubu mezani, kwamba ya Kocha mwenyewe ni nakala na si ile ya asili, na labda ni changa kuliko anavyofikiri. "Lakini aina yake imeshinda. Kocha ameshinda."

Kawangware ikaruka. Kocha alibebwa juu kidogo, wakamshusha kwa sababu ni mzito. Mathe hakubisha. Aliifunga mashine yake, akaiweka kwapani, akapanda boda. Nilimkimbilia hadi barabarani.

"Mathe, nisamehe."

"Kwa nini? Nenda utoe vitu vya watu uwanjani," akasema, na boda ikaondoka.

Jumapili sikumbuki mahubiri. Jumatatu nilifungua kibanda nikijua nimebaki na mteja mmoja, na nikaanza kuhesabu ni vitu gani naweza kuacha kununua. Nilikuwa na padi mkononi, sijaigusa kwa bisibisi, wakati mkokoteni uliposimama mbele yangu. Juu yake kulikuwa na magunia, na nyuma ya magunia alikuwa Mathe, akimwelekeza mwenye mkokoteni kwa Kijaluo na kwa mikono yote miwili.

"Unajua watu hawakurudi na vitu vyao?" akaniambia bila salamu. "Jumamosi walitupa zote pale kanisani. Pastor alikupigia hukushika, akanipigia mimi, anataka uwanja wake. Nikamwambia mimi nitachukua."

Gunia la kwanza likafunguliwa. PS2, PS2, PS2.

"Kocha amepata mashindano ya Desemba," Mathe akaendelea. "Sawa. Ni haki. Lakini nimempigia asubuhi, nikamuuliza, vijana wote hao watacheza na nini? Na hiyo ya kupuliza? Nikamwambia mimi nitaleta mashine, yeye alete chumba. Amekubali." Akavuta stuli ya wateja, akakaa, akaitazama meza yangu ndogo. "Sasa wewe utazifufua. Nimesikia uliwaambia watu kwa mdomo wako, eti za aina hii hazifi vibaya."

Nikachungulia ndani ya gunia. "Nilidhani utaenda kwa fundi wenu wa Kibera."

"Huyo?" Akacheka hadi stuli ikalia. "Huyo alishaniambia PS2 ni ya kuuzia watu wa vyuma chakavu. Nimpelekee magunia matatu anifanyie matanga? Fungua, nyathina, jua linapanda."

Msusi alikuwa ameshatoka nje na taulo, kujionea. Niliisogeza ile padi kando na kuitoa mashine ya kwanza kwenye gunia. Ilikuwa nzito kwa mchanga, na ndani kitu kilikuwa kinatembea.

"Hiyo weka mwisho," Mathe akasema akikunja miguu yake juu ya stuli. "Anza na ya uji."